Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kadi Yenye Majina Mawili

Ndugu wanachama wenzangu, akina mama na akina baba mnaoendesha maduka ya rejareja katika mtaa wetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, nawasalimu kwa heshima.

Kuhusu shughuli za kawaida sitawachosha, kwa kuwa nyingi mlizishuhudia wenyewe. Ulinzi wa usiku uliendelea, safari za pamoja za Kariakoo kununua unga, sukari na sabuni kwa bei ya jumla zilifanyika mara mbili, na wagonjwa wetu walitembelewa. Wanachama tuko 64. Waliolipa ada yote ya shilingi 24,000 ni 29, waliolipa nusu ni 13, na ambao hawajalipa hata shilingi moja ni 22. Makusanyo yote ya ada yalikuwa shilingi 852,000, matumizi yalikuwa shilingi 790,000, na kilichobaki ni shilingi 62,000. Nauli zote za kufuatilia mambo ya chama nilizitoa mfukoni mwangu na sikuomba kurudishiwa.

Sasa niingie katika jambo lililotugawa. Tangu mwezi Machi, kadi ya uanachama inaandikwa majina mawili, la mwenye leseni na la anayeshinda dukani, na fedha yoyote ya mkopo au rambirambi kutoka katika mfuko wetu inasainiwa na wote wawili, au na aliyebaki endapo mmoja amefariki. Kura inabaki moja kwa duka moja. Baada ya uamuzi huo baadhi ya wanachama wamesusa vikao, wengine wamezuia ada, na yamesemwa maneno mitaani kwamba mwenyekiti amekaliwa na mke wake. Nayajibu hapa kwa maandishi ili kila mmoja ayasome kwa utulivu.

Mwaka jana tulimzika mwanachama mwenzetu. Kabla hata matanga hayajaanuliwa, ndugu zake walifika dukani, wakaweka kufuli jipya na kusema kwamba duka ni la kaka yao kwa sababu leseni ilikuwa na jina lake. Mjane alikuwa amesimama nyuma ya nondo za dirisha lile kwa miaka 14. Mimi na katibu tulikwenda kusuluhisha, tukawakuta ndugu wale wamefungua daftari la madeni wakijaribu kujua nani anadaiwa nini. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa mke peke yake: "fundi mrefu 3,500", "mama geti jekundu 7,000", "kijana wa kona, mchele kilo mbili". Hawakumtambua hata mmoja, na wadaiwa nao walikataa kumlipa mtu mwingine yeyote zaidi ya mama wa duka. Laini ya uwakala wa fedha za simu ilisajiliwa kwa jina la marehemu, hivyo floti, yaani fedha ya kuendeshea uwakala huo, nayo ilinasa humo humo, na mwenye jumla aliyezoea kumkopesha mama huyo mzigo alisema angoje kwanza mambo ya familia yaishe. Rambirambi ya chama, kwa kuwa jina la mke halikuwamo katika rejista yetu, ilikabidhiwa kwa kaka wa marehemu. Hati ya malipo niliisaini mimi, kwa mkono wangu, na sijawahi kusaini jambo lililonikosesha usingizi kama lile.

Baadhi yenu mnasema kwamba mwenye mtaji ndiye mwenye duka. Naomba tutazame siku moja ya maduka yetu kama ilivyo. Baba anakwenda kuchukua mzigo Kariakoo, mara nyingi Jumatatu na Alhamisi, nayo ni kazi nzito ambayo siidharau. Mama anafungua saa 12 asubuhi kwa ajili ya wanunuzi wa mkate, anapima mafuta na sukari ya robo, anageuza maharage yaliyo jikoni nyuma ya kaunta, anakumbuka nani hakopeshwi tena, na saa 4 usiku anafunga hesabu na kukabidhi mauzo. Binti akirudi shule huvua sare na kusimama kaunta, huku kaka yake akienda mpirani. Hata jina ambalo wateja wanatuitia, "Mangi", ni cheo cha mtawala wa Kichaga na ni cha mwanamume, na mteja husema anakwenda kwa Mangi hata pale ambapo mwaka mzima amehudumiwa na mwanamke.

Mikopo nayo tunaijua. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Wake zetu wanakopa huko, fedha inanunua mzigo wa duka lenye jina la mume, kisha marejesho yanabaki shingoni mwa mke na wenzake wa kikundi. Katika hilo sijamsikia mwanamume yeyote akisema kwamba heshima ya nyumba imevunjwa.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri hilo lilihusu talaka, halikuhusu mirathi. Katika mirathi, kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamnyima mjane fungu lake iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Kadi yetu haiwezi kubadilisha sheria za nchi, ila inaweza kuthibitisha mbele ya balozi wa nyumba kumi, mwenye jumla au hakimu nani alikuwa akiendesha duka.

Kuhusu akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, ya kikao kilichopitisha kadi hii, katiba yetu inataka theluthi moja, yaani wanachama 22, na waliohudhuria walikuwa 23, nami nakiri kwamba mahudhurio hayo ni aibu kwetu sote. Kura za ndiyo zilikuwa 17 na za hapana 6. Inasemwa kwamba 16 kati ya waliokuwapo walikuwa wake waliotumwa na waume zao, na kwamba wamejipigia kura wenyewe. Wake hao wametumwa vikaoni kwa miaka saba kupokea madai ya ada na kufagia ukumbi, na kura zao zilihesabiwa kila mara bila malalamiko. Aliyetaka kupinga alipaswa kuja. Ieleweke pia kwamba maduka tisa yana leseni za akina mama huku waume ndio wanaoshinda kaunta, na kadi inawalinda wanaume hao vilevile.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kukutana na wauzaji wa jumla na kampuni za simu ili jina la pili litambuliwe nao pia, na mfuko ukiruhusu tutafute mafunzo ya utunzaji wa hesabu.

Kadi mpya 38 bado ziko kwa katibu na wenyewe hawajazifuata. Zinachukuliwa kila Jumapili baada ya saa 10 jioni, na mwenye deni la ada aje nalo siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti