Kura za mashabiki katika mechi ya nyota

Mpendwa rafiki yangu,

Natumaini wewe na jamaa wote hamjambo. Nimeisoma barua yako kwa makini, hasa pale unaposema kuwa mashabiki wa besiboli nchini Marekani wanyang'anywe haki ya kuwachagua wachezaji wa mechi ya nyota, na kazi hiyo wakabidhiwe makocha na wachezaji wenyewe. Kwa hilo sikubaliani nawe hata kidogo.

Mechi hiyo, ambapo nyota wa ligi mbili kuu za Marekani hupambana, ilibuniwa na Arch Ward, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, na ilipochezwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1933, mashabiki walipiga kura kupitia magazeti. Hakuna ubingwa unaogombewa pale. Watu hukusanyika kuwaona uwanjani, kwa siku moja, wachezaji wanaowapenda.

Najua utaniletea mfano wa mwaka 1957, na ni mzito kweli. Gazeti la Cincinnati Enquirer lilichapisha karatasi za kura zilizokwisha kujazwa majina ya wachezaji wa Reds, timu ya mji huo wa Cincinnati, mashabiki wakazituma kwa wingi, hata timu hiyo moja ikajizolea nafasi saba kati ya nane za kuanza. Ford Frick, kamishna aliyesimamia besiboli ya ligi hizo, aliwaondoa Gus Bell na Wally Post wa Reds katika kikosi cha kuanza, akawaweka Willie Mays na Hank Aaron wa timu nyingine, na sioni kosa katika uamuzi huo. Kinachoniuma ni kilichofuata: mashabiki wa nchi nzima walinyimwa kura hadi mwaka 1970 kwa sababu ya hila za mji mmoja. Mwaka 2015, wachezaji wa Kansas City Royals walipokuwa wakiongoza karibu kila nafasi, wasimamizi wa besiboli walifuta mamilioni ya kura zenye mashaka na kuacha uchaguzi uendelee, na mwishowe ni wanne tu waliochaguliwa kuanza. Hivyo ndivyo ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo.

Mfikirie pia Cal Ripken, mchezaji mkongwe wa Baltimore, mwaka 2001. Alikuwa na umri wa miaka 40, ametangaza kuwa anastaafu, na upigaji wake msimu ule ulikuwa wa kawaida, lakini mashabiki walimchagua. Kule Seattle, mchezaji mwenzake Alex Rodriguez alimwachia Ripken nafasi ya ulinzi ambayo Ripken aliicheza zamani, kisha Ripken akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka ukuta, na akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Nakubali kwamba kuanzia 2003 hadi 2016, matokeo ya mechi hii yalipoamua timu ya ligi ipi ingeanzia nyumbani katika fainali, hoja yako ilikuwa na nguvu. Utaratibu huo umeondolewa, na warushaji na wachezaji wa akiba huchaguliwa bila kura za mashabiki. Sasa niambie, makocha wako wangemwanzisha Ripken mwaka ule kwa takwimu zake peke yake?

Nasubiri jibu lako.

Rafiki yako wa siku zote