Kabla Hujavunja Terazo ya Nyumba ya Zamani

Simu nyingi tunazopokea ni za watu walionunua au kurithi nyumba za zamani. Ombi huwa lile lile: tuje kung'oa terazo, imefubaa, ina madoa, wanataka vigae. Mara nyingi tunawashauri wasubiri kwanza, ingawa kazi ya kuvunja nayo ina malipo yake. Katika sakafu nyingi za aina hiyo kilichochakaa ni ngozi ya juu tu.

Terazo ni vipande vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, aghalabu nyeupe au iliyotiwa rangi, vikamwagwa juu ya zege, vikashindiliwa, kisha vikasagwa mpaka mawe yaonekane. Tabaka hilo huwa na unene wa milimita 12 hadi 20 hivi, na mchanganyiko ni ule ule toka juu hadi chini. Kigae chenye mng'ao wa kupakwa kikilika, ndiyo basi. Terazo ukiisaga milimita moja, unakutana na terazo nyingine.

Ufundi huu ulikomaa Venice, Italia, ambako mafundi wa terazo walikuwa na chama chao tangu 1583, wengi wakitokea Friuli, eneo la jirani. Saruji ya portland, yaani saruji ya kawaida ya leo, haikuwepo. Hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Walitumia chokaa iliyochanganywa na matofali na vigae vilivyopondwa, wakarushia juu vipande vya marumaru kama anayepanda mbegu, wakatwanga, halafu wakasugua kwa jiwe zito lenye mpini mrefu liitwalo galera. Mwisho walipaka mafuta ya kitani. Chokaa iliwafaa kwa sababu nyingine pia: nyumba za Venice zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope, sakafu zake zimelala juu ya mihimili ya mbao, na mbao hucheza. Chokaa huvumilia mchezo huo kuliko saruji. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa, maana sakafu na mapaa ya nyumba za mawe huko ni chokaa na kokoto za matumbawe juu ya boriti za mikoko, zikatwangwa kwa vibao mpaka zikashikana. Tofauti ni kwamba sisi hatukusaga ili kutoa mawe.

Watu wa Friuli walihama na ujuzi wao hadi Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Mashine za umeme za kusagia na vipande vya chuma vya kugawia sakafu ndivyo vilivyoshusha gharama mwanzoni mwa karne ya 20. Ile njia ya nyota za wasanii kule Hollywood, yenye nyota zaidi ya 2,500, ni terazo: nyota ya waridi iliyozungushiwa shaba ya njano, ndani ya mraba mweusi. Hapa kwetu terazo iliingia zaidi kwenye shule, ofisi za serikali, ngazi na hospitali. Hospitali zilikuwa na sababu nzuri: sakafu inaweza kupinda na kupanda ukutani bila kona kali ya kushika uchafu. Mchoraji wa majengo wa siku hizi anayeweka vigae wodini na kuacha mifereji ya grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae) kila sentimita 60 angefaa kutembelea jengo moja la zamani.

Tukija kwako, kwanza tunagonga sakafu kwa sarafu au mpini wa nyundo. Panapolia uvungu, tabaka limeachana na zege, na hapo lazima tukate na kumwaga upya. Nyufa nyembamba tunazijaza. Ufa mpana unaokwenda moja kwa moja mpaka ukutani ni habari nyingine: huenda msingi umetitia, na kuusaga ni kuficha ugonjwa. Kiraka nacho kitaonekana. Tunatafuta mawe ya rangi na ukubwa unaokaribiana, lakini saruji mpya na ya zamani hazifanani kabisa, na ni heri ulijue hilo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Baada ya hapo ni kusaga kwa maji: jiwe la namba 30 au 60 (namba ndogo ndiyo yenye makali zaidi), tunapaka uji wa saruji kujaza vitundu, tunauacha ukomae, tunarudi na 120, 220, na kuendelea kadiri unavyotaka ing'ae. Kwa bafuni na veranda tunashauri uishie namba za chini, kwa sababu terazo iliyong'arishwa sana huteleza ikilowa.

Anayetaka terazo mpya tumwambie jambo moja tu: usimruhusu fundi aondoe vipande vya kugawia ili kuokoa fedha. Saruji husinyaa inapokauka, na bila mistari hiyo itachagua yenyewe pa kupasukia. Mapande yasizidi mita moja na nusu hivi kila upande.

Ukiwa unatusubiri, usijaribu kuondoa madoa kwa dawa ya choo, siki au limau. Asidi hula marumaru na saruji, na alama zake huingia ndani kuliko uchafu uliotaka kuutoa. Tumia maji na sabuni laini. Ukipenda, tutumie picha za sakafu zikiwemo kona na sehemu za chini ya kabati, maana huko ndiko rangi yake halisi hubaki.