Kabla ya mwembe kukatwa, wakazi tuulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza sisi wakazi wa Tabora, hasa tunaoishi mitaa ya zamani kama Isevya na Gongoni. Nyumba za kale na miembe yetu vinaondolewa mmoja mmoja, na mkazi anajua siku ile ile msumeno unapolia.

Nimerudi hivi karibuni kutoka Salisbury, kusini mwa Uingereza. Binti yangu ni muuguzi huko, na alipojifungua nilikwenda kumlea yeye na mjukuu, tangu majira ya baridi hadi jua lilipochomoza vizuri. Ni mji mdogo wenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1220. Mnara wake una mita 123, na Uingereza nzima hakuna mnara wa kanisa unaoupita. Watalii wanakuja, wanapiga picha, wanapanda basi. Mimi nilikaa na wenyeji, kwenye mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mlango ukifunguka umeshakanyaga njia ya waenda kwa miguu. Jumanne na Jumamosi tulikwenda sokoni na kigari cha mtoto. Soko hilo lilipewa kibali cha mfalme mwaka 1227, na hadi leo watu wananunua hapo viazi na samaki.

Kilichonishika zaidi ya kanisa lenyewe ni karatasi iliyofungwa kwenye nguzo ya taa, karibu na nyumba tuliyokaa. Ilikuwa imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe mvua. Nilimwomba binti yangu anisomee yote, neno kwa neno. Mwenye nyumba fulani mtaani alikuwa anaomba kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake. Karatasi ilitaja namba ya maombi, mahali pa kuona michoro, na muda wa siku 21 kwa yeyote mwenye maoni kuyaandika halmashauri. Yeyote, awe amepanga au anamiliki. Jirani yetu mmoja, mzee anayetembea na mkongojo, alisimama pale akaisoma hadi mwisho, akatoa kalamu akanakili ile namba. Binti yangu akaniambia, "Huyo ataandika, mama. Anahofia chumba hicho kitamzibia mwanga jikoni." Sikujua mwisho wa shauri lake, maana nilirudi nyumbani. Lakini alikuwa na mahali pa kuanzia.

Miti nayo ina utaratibu. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1967, halmashauri hutenga maeneo ya kuhifadhiwa kwa sababu ya historia na sura yake. Ndani ya maeneo hayo, mtu anayetaka kukata au kupunguza mti uliokwisha kunenepa, hata uwe katika ua wake mwenyewe, anatakiwa kuiarifu halmashauri wiki 6 kabla. Katika muda huo halmashauri inaweza kuuwekea mti ulinzi wa kisheria. Na katikati ya Salisbury, jengo jipya kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi mita 12.2, ili mnara uendelee kuonekana.

Gharama zake nimeziona pia. Mwenye nyumba iliyo kwenye orodha ya majengo ya kale habadilishi hata dirisha bila kibali, na yale madirisha ya zamani ya kioo kimoja yanapitisha baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nyumba ni ghali mno. Binti yangu na mumewe wote wanafanya kazi, bado wamepanga, na wenzake wengi wanaishi mbali wakisafiri kila alfajiri. Sitaki tuyachukue hayo. Nataka ile karatasi ya kwenye nguzo.

Nilipofika Isevya nilikuta mwembe uliokuwa kwenye kona yetu umeangushwa. Wa pili yake ulikatwa mbele ya macho yangu. Mwembe ule nimeukuta mkubwa nilipoolewa mtaa huu. Chini yake palikuwa na muuza kahawa, mama wa maandazi, kijiwe cha bodaboda, na wazee wa bao kuanzia alasiri. Anayejua jua la Tabora la mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka, anaelewa kivuli kile kilikuwa na thamani gani. Nilimwuliza kijana mwenye msumeno, "Mwanangu, nani amewatuma?" Akajibu kwa adabu, "Mama, sisi vibarua tu. Tumeambiwa tukate." Nikaenda kuuliza kwa wahusika, nikazungushwa kutoka meza hadi meza. Watoto walikuwa wakiokota embe changa katikati ya matawi, utomvu bado unachuruzika kwenye kisiki.

Mji huu si wa jana. Misafara ya kutoka pwani ilipumzika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na mwaka 1872 mvumbuzi Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji, kwenye tembe ambalo wageni wanapelekwa kuliona. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa ya kale moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Nyumba nyingi za zamani zilizobaki mitaani kwetu zimejengwa baada ya 1863, kwa hiyo hazina kinga hadi zitangazwe rasmi. Wakati tunasubiri tangazo, nyumba inabomolewa, fremu za maduka zinapanda.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Mbao za matangazo zipo ofisi za mtaa, mtendaji yupo, na mkutano wa mtaa upo kisheria. Manispaa iagize kwamba mti mkubwa wa barabarani au nyumba ya zamani ikitaka kuondolewa, tangazo libandikwe ofisini na pale pale penye mti au nyumba, kwa wiki 6. Liandikwe nani anaomba, kwa sababu gani, na maoni yapelekwe wapi. Mti uliooza na kutishia watu ukatwe mara moja, na hilo nalo liandikwe. Uamuzi ukishatolewa, sababu zisomwe mbele ya wananchi.

Wako watakaosema Waingereza wanasikilizwa kwa kuwa wanalipa kodi ya halmashauri, hata wapangaji. Na sisi je? Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na katika nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji.

Madiwani wetu walipeleke jambo hili kwenye kikao cha baraza, na ajenda yake ibandikwe mapema ili tuje kusikiliza. Mimi nitakuja.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora