Sabuni ni ya mama peke yake?

Mhariri,

Kila jioni kabla ya taarifa ya habari matangazo ni yale yale. Mama anachekelea mbele ya beseni la nguo, baba anatokea na shati jeupe, halafu sauti nzito ya kiume inamweleza mama sifa za sabuni. Yaani afuaye kila siku hajui sabuni mpaka aambiwe!

Hapa Lamu wanaume hupika. Harusi kubwa ikifika, pilau na biriani huachiwa wapishi wanaume, na mabaharia chomboni hupikiana wenyewe. Wapo pia wanaokaa barazani wakishona kofia kwa mkono, na hakuna anayewacheka. Maisha hayo sijayaona kwenye runinga. Tamthilia nazo ndizo zimezidi: mkaza mwana analia jikoni, bwana anafoka sebuleni.

Nchini Uingereza, tangu Juni 2019, matangazo yenye dhana potofu za kijinsia zinazoweza kuleta madhara yamekatazwa. Baba asiyeweza kumbadilisha mtoto nepi kwa sababu tu ni mwanamume ni mmoja wa mifano iliyotolewa. Mwanamke kuonyeshwa akisafisha nyumba hakukukatazwa, na mimi sidai hilo. Lakini sisi tuna Katiba ya 2010, na kifungu cha 27 kinataja usawa wa wanawake na wanaume waziwazi.

Wanaoandaa matangazo yetu watupe basi japo baba mmoja anayefua. Na mama atangaze benki.

Msomaji,
Langoni, Lamu