YAH: Moduli ya Weibull mchanganyiko kuhesabu beringi nzima kuwa zimeharibika

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tuliingiza data za beringi 48 kwenye moduli yenu ya Weibull mchanganyiko, yaani sehemu ya programu inayokadiria maisha ya vifaa kwa kuvigawa katika makundi ya uharibifu. Kati ya hizo, 40 ziliharibika kwa nyakati tofauti. 8 zilikuwa bado nzima jaribio liliposimamishwa saa ya 1,500, na tukaziwekea alama S (bado nzima), tofauti na F (imeharibika). Tulichagua makundi mawili kwa njia ya EM, inayorudia hatua mbili: E ya kukadiria kila kifaa ni cha kundi lipi, na M ya kurekebisha vigezo vya makundi. Programu ikaandika "Imefanikiwa", na kundi la pili likatoka na eta (muda wa maisha wa kundi) 1,500.0, beta (umbo la mkunjo; ikiwa kubwa, vifaa hufa karibu kwa wakati mmoja) 9,999 na uzito (sehemu ya vifaa vyote) 0.1667.

Tafadhali zidisheni 0.1667 kwa 48. Mtapata 8. Kundi hilo si aina nyingine ya uharibifu, ni zile beringi nane nzima, zimehesabiwa kuwa zimekufa zote kwa mpigo. Tulibadilisha S kuwa F kwenye mistari hiyo minane na kurudia hesabu: majibu hayakubadilika hata tarakimu moja.

Kifaa kilichoharibika huingia kwenye laiklihudi (kipimo cha jinsi vigezo vinavyolingana na data) kwa densiti f(t), yaani msongamano wa uwezekano wa kuharibika wakati huo. Kilicho kizima huingia kwa R(t), yaani uwezekano wa kuvuka muda huo, katika hatua ya E na ya M pia. Moduli yenu inatumia f(t) kwa vyote. Eta ikikaa juu ya zile namba nane zinazofanana, densiti hapo ni beta/eta mara 0.368, nayo hupanda bila kikomo kadiri beta inavyopanda. Kwa hiyo programu haikupata jibu. Iligonga ukomo wa beta ikasimama. Kurekebisha S peke yake hakutatosha, maana hata beringi moja iliyoharibika yaweza kuzua mwiba kama huo wa densiti, wenye uzito wa takriban 1/48.

Grafu ya R(t) inaporomoka wima saa ya 1,500. Fundi akiifuata atang'oa beringi ambazo bado zina kazi.

Tunataka "Imefanikiwa" isitokee beta inapogusa ukomo, na hesabu ianzie walau sehemu 20 tofauti. AIC (kipimo cha kulinganisha modeli, kinachotoza adhabu kwa kila parameta) nayo ihesabu parameta 5, si 6 kama sasa: uzito wa pili ni 1 kutoa wa kwanza. Zaidi ya yote, wateja waliokwisha kutumia moduli hii kwa data zenye S waarifiwe kwa maandishi.

Faili la data limeambatishwa. Tunasubiri jibu ndani ya siku 14.

Wenu,
Kitengo cha Uhandisi wa Matengenezo