Salim na Mashine ya Uongo

Likoni, Jumatano usiku

Shoga yangu Mishi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, mama na goti lake lile lile, watoto wamefunga shule na kelele zao zimefunguka. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Kassim, na najua utanisema. Niseme utakavyo, lakini soma kwanza mpaka mwisho. Ningekutumia ujumbe wa sauti, ila ndugu yangu Salim yuko chumba cha pili na kuta zetu unazijua.

Ni yeye ndiye anayenikosesha usingizi. Huko bohari anakofanya kazi kumepotea katoni za simu. Kamera, wanasema, usiku huo haikuwa ikirekodi (kamera gani hizi zinazougua siku ya wizi tu, lakini hayo tuyaache). Basi wakubwa wamekaa kikao, wakaamua kuleta mtu kutoka Nairobi na mashine ya kugundua uongo. Zamu yote ya usiku itapita mbele yake mmoja mmoja kuanzia Jumatatu. Wamegawiwa karatasi ya kutia sahihi kwamba wamekubali kwa hiari. Hiari! Meneja akawaambia: asiye na hatia anaogopa nini?

Na Salim unamjua. Yule ambaye Mwalimu Hamadi akisoma majina asubuhi, yeye akitoka jasho kabla hajafikiwa. Polisi wa barabarani akisimamisha matatu, abiria wote wanachezea simu zao, yeye anatafuta kitambulisho ambacho hakuna aliyekiuliza.

Nimekuwa nikisoma habari za mashine hiyo kila nikimaliza kazi za nyumba. Haina ajabu yoyote. Mpira wa kupimia pumzi unazungushwa kifuani, mkono unafungwa kile kitambaa cha presha kama kliniki, na vidoleni unawekwa vidude vya kupima jasho. Basi. Moyo, pumzi, jasho. Hakuna jasho la uongo na jasho la kweli, Mishi. Anayeogopa kukamatwa na anayeogopa kutoaminiwa wanachora mistari ile ile. Aliyeitengeneza, John Larson, alikuwa polisi msomi huko Berkeley, Marekani, mwaka 1921, na uzeeni alikuwa hapendezwi kabisa na jinsi watu walivyoigeuza. Na kabla yake kidogo kulikuwa na Marston, aliyekuwa akipima uongo kwa presha ya damu peke yake. Mwaka 1923 mahakama ya Washington ikakataa kipimo chake katika kesi ya mauaji ya mtu aitwaye Frye, ikisema wataalamu wenyewe bado hawajakikubali. Unajua Marston akaishia wapi? Akatunga katuni ya shujaa wa kike mwenye kamba ya dhahabu; akikufunga nayo, huna budi kusema kweli. Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Lakini kicheko kiliisha nilipofika kwenye maswali yenyewe. Wanakuuliza maswali ya aina mbili. La kwanza ni la wizi wenyewe: wewe ulichukua zile katoni? La pili ni la jumla, la kukutega: maishani mwako umewahi kuchukua kisicho chako? Wanatarajia useme hapana, na wanajua unadanganya, kwa sababu nani hajawahi? Halafu wanalinganisha. Ukishtuka zaidi kwenye lile la jumla, wewe msafi. Ukishtuka zaidi kwenye la katoni, wewe mwizi. Sasa mchukue Salim. Swali la jumla atalijibu kweli! Atasema ndiyo, nikiwa darasa la nne nilichukua shilingi kumi za mama, na juzi nilikunywa soda ya katoni iliyopasuka. Akishatua mzigo huo moyo unatulia. Likija la katoni, ambalo ndilo linashika mkate wake na karo ya Mwanaisha, moyo unaruka. Msema kweli ndiye anayeumia. Alikuwako mwanasaikolojia mmoja, David Lykken, aliyeusema upuuzi huu kwa miaka mingi.

Lykken alikuwa na njia yake, tangu 1959: usimuulize mtu kama ameiba, muulize kile ambacho mwizi tu anakijua. Kufuli lilikuwa la rangi gani, katoni zilitolewa mlango upi, unampa majibu kadhaa na kutazama ni lipi linamshtua. Polisi wa Japani wanaitumia sana njia hiyo. Lakini huku? Kila kitu kilishasimuliwa kwenye kibanda cha chai siku ya pili. Mpaka mama anajua ni mlango wa nyuma.

Nikuambie ninavyoona mimi. Unakumbuka cherehani ya Bi Tima ilipoibwa? Akatangaza mtaa mzima kwamba Ijumaa itasomwa halbadiri. Alhamisi alfajiri cherehani ikakutwa kibarazani, hata uzi haukuondolewa. Haikusomwa aya hata moja. Mashine hii ni hivyo hivyo, nguvu yake iko kwenye kutangazwa. Wamarekani wawili, Jones na Sigall, waliliandika jambo hili mwaka 1971: mfunge mtu nyaya kwenye mashine isiyopima chochote, mwambie inausoma moyo wake, naye atatoa mambo ambayo siku nyingine angeyaficha. Tofauti ni kwamba ya Bi Tima ilimtisha mwizi peke yake, wengine tulilala. Hii inamtisha kila anayekaa kitini. Na anayetishika hatatoa katoni, atatoa alichonacho. Salim ana soda. Ninachokiogopa ni hiyo soda, Mishi. Wataandika: amekiri kuchukua mali ya kampuni. Na aliyebeba simu, ikiwa ana moyo mkavu, atatoka hapo akipiga mluzi.

Usidhani natia chumvi. Aldrich Ames, mtu wa CIA aliyewauzia Warusi siri za nchi yake, alipimwa mwaka 1986 akapita, akapimwa tena 1991 akapita, na wakamkamata 1994. Warusi walimshauri nini? Alale vizuri, atulie, amchangamkie anayempima. Ndiyo dawa yote! Na baraza la kitaifa la utafiti la Marekani lilitoa ripoti mwaka 2003 likapiga hesabu: chukua wafanyakazi 10,000 ambao 10 kati yao ni majasusi. Ukiitegesha mashine iwanase 8 katika hao 10, itawaangusha pamoja nao watu 1,600 hivi wasio na kosa lolote. 1,600!

Nimemuuliza mwenyewe, bila shaka. Juzi baada ya magharibi nikamkalisha, nikamkazia macho: Salim, umeigusa hiyo mali? Akasema hapana, dada, na akatazama sakafu. Moyo wangu ukaniambia... hapana, sitaki hata kuandika ulivyoniambia. Kisha nikasoma kwamba watafiti waliuliza watu katika nchi 58 mwongo wanamjuaje, na jibu lililoongoza ni hilo hilo, kwamba hakutazami machoni. Na wanaopima wanasema macho hayakuambii kitu cha maana. Sisi sote, ukijumlisha utafiti wote walioukusanya Bond na DePaulo mwaka 2006, tukimsikiliza mtu bila msaada wowote tunapatia mara 54 katika 100. Ni kama kurusha shilingi. Halafu Salim alilelewa na bibi. Wewe ulimwona lini akimtazama mkubwa usoni? Msimamizi wake naye ameshaandika kwenye ripoti kwamba kijana "alikwepa macho". Adabu ya bibi imekuwa ushahidi.

Mama anasema aende tu, Mungu yupo. Kassim anasema akatae, tena akatae kwa barua. Mimi naona akikataa watasema ndiye, na akikubali soda itamtoka. Nimemwambia kuhusu soda anyamaze, akanijibu: sasa unanifundisha uongo? Nikakosa la kusema.

Nimeona kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe. Huko Marekani tangu 1988 kampuni nyingi za binafsi zimebanwa. Hata wizi ukitokea kuna masharti ya kumpima mtu, na matokeo ya mashine peke yake hayatoshi kumfukuza. Je, huku kwetu kuna kitu kama hicho? Hapo ndipo wewe unaingia. Katika ofisi yenu ya mawakili mmewahi kupata kesi ya mashine hii? Mahakama ya Ajira inaionaje? Ile karatasi ya hiari, akiitia sahihi leo anaweza kuiondoa kesho? Anaweza kudai mwakilishi wa chama aketi naye chumbani, au apewe maswali kabla? Na akikataa, waweza kumwandikia barua mbili tatu za kisheria zenye maneno mazito, za kumfanya meneja naye atoke jasho kidogo? Na wewe binafsi, si kama mtu wa sheria, unamwamini Salim? Niambie kweli. Na presha ya baba inaendeleaje? Na yule wa Kisumu bado anapiga simu?

Nijibu kabla ya Jumatatu, hata kama ni mistari minne. Pesa za kitenge nakutumia mwisho wa mwezi, sijazisahau.

Wako,
Rukia