Muulize mama kuhusu lile bomba

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, joto ndilo lile lile. Najua unanidai barua tangu Idi, na deni nitalilipa, lakini hii ya leo ni ya haraka na ina ombi ndani. Ni mambo ya nyumba. Nyumba yenu, nisemeje, maana hata tukae hapa mpaka tuzeeke, mtaa mzima utaiita kwa baba Zuhura.

Wakikumbuka kile chumba cha chini mlichokuwa mkiweka makaa? Nyuma ya mlango, karibu na sakafu, mna tundu la bomba, ngumi yangu yaingia. Bomba lenyewe la chuma, limeliwa na kutu, limetokeza ukutani kidogo kisha basi. Lilikuwa limezibwa kwa matambara. Mvua za Mei zilipokaza, matambara yakasukumwa ndani, maji yakafuata, na nyuma ya maji akaja panya buku. Mwanaisha alipiga ukelele hadi Bi Rukia akashuka na mchi.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba mvua ilikatika alasiri na maji yakaendelea kuchuruzika mpaka usiku. Ya barabarani yangekatika.

Fundi Juma akaja, akachungulia, akasema, "Mamangu, hii kazi ya nusu saa." Alitaka kushindilia karatasi za simiti, apige plasta juu, ashike pesa zake. Nikakataa. Plasta ya juujuu maji yakiisukuma kutoka nje hubanduka, na huyo buku hahitaji hata usiku mzima.

Yule kaka aliyejenga kule mtaa wa Tudor amenieleza vizuri. Bomba likatwe lirudi ndani ya ukuta. Tundu lichongwe kwa tindo mpaka jiwe zima, liwe pana ndani kuliko mdomoni ili kizibo kisipate njia ya kutoka. Vumbi lioshwe, jiwe liloweshwe, maana jiwe la matumbawe likiwa kavu hunyonya maji ya simiti kabla haijashika. Halafu itiwe ile simiti ya kuzibia maji, inayoganda kwa dakika 3 hadi 5 hata maji yakiwa yanapita. Mwachanganya kidogo kidogo, la sivyo yagandia karaini. Nje nako pachimbwe pazibwe, na mchanga wa ufuoni usiguswe, chumvi yake huvuta unyevu daima. Juma aliposikia avae glavu alicheka sana. Simiti mbichi yachoma, Zuhura, nimeiona mikono ya mafundi.

Haya, kuziba twajua. Ila lile bomba lilikuwa la nini? Hapo ndipo usingizi unaponipaa. La mfereji si lenyewe, hayo huwa membamba. Nilimwaga ndoo kwenye birika la juu, lile hodhi la maji, chini hakikutoka kitu. Lakini birika lile lina matundu mawili, na la pili limefunikwa na vigae. Tukiziba na kumbe kuna maji bado yapita humo, yatabaki ukutani, na ukuta wa mawe na chokaa huyanywa kimya kimya mpaka rangi ianze kuambuka ghorofani. Tena upande wa pili ni kwa Abdulatifu, naye wamjua alivyo, akiona doa moja tu kwake...

Juma asema namzungusha. Na azunguke.

Kwa hiyo nisaidie. Mpe mama shikamoo yangu, kisha mkalishe umuulize polepole, si kwa simu ya kukimbia. Bomba lilikuwa la birika au la kisima? Nani alilikata, na wakati ule kisima kilikuwa bado kinatumika? Na kisima chenyewe, kilijazwa kifusi au mlikifunika kwa zege tu? Kilikuwa uani au ndiyo hapo chini ya ngazi ninapoweka gesi? Mama akisahau, Sharifu atakumbuka? Bado wasemezana naye, au ndiyo yale yale? Na wewe, waja lini?

Juma nimemwambia asishike tindo mpaka nipate jibu lako. Mpe barua huyu huyu kijana, arudi Jumamosi.

Ni mimi shoga yako,
Mama Salma